Neno Asilolitamka Mwalimu

Msasani, Tukuyu
6 Machi 2025

Mwalimu Atuganile,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na wanafunzi wako wa darasa la tatu ambao tangu Jumanne hawajanitoka kichwani.

Mimi ni Ikupa, yule wa sweta jekundu aliyekaa nyuma kabisa, karibu na kabati la vitabu. Hatukuzungumza kwa sababu tumekatazwa. Sisi tulio mafunzoni hapa Tukuyu, tunaojifunza kuwapima walimu wanaoomba Cheti cha Mwalimu Mahiri, haturuhusiwi kumpigia simu mwalimu tunayempima wala kunywa chai yake. Tunachoruhusiwa ni kumwandikia barua kupitia ofisi ya Afisa Elimu Kata, tukimweleza tulichokiona, naye ana haki ya kujibu kabla alama hazijafika kwenye jopo. Mkufunzi wetu, Mwalimu Imakulata, anasema mtathmini anayeogopa kumwandikia mwalimu alichokiona, basi hakukiona vizuri.

Nami ni mwalimu, nafundisha shule moja hapa mjini, na kusema kweli nilikuonea wivu. Darasa limejaa vile, mvua inapiga bati, na hakuna mtoto aliyesinzia. Karibu kila kigezo nimekupa alama za juu, tena bila kusitasita.

Kuna kigezo kimoja tu kinachonisumbua, cha istilahi sahihi za somo. Ulifundisha sehemu. Theluthi uliitaja, robo uliitaja. Nusu hukuitaja kabisa. Kila ulipoifikia uliizunguka, ukasema "kipande kimoja kati ya viwili vilivyo sawa". Nilidhani umesahau, nikasubiri, mpaka kengele ikalia. Tunafundishwa kuandika tulichokisikia, siyo tulichokifikiri, kwa hiyo nimeandika kwamba mwalimu hatumii neno nusu, na alama niliyokupa hapo ni ya chini. Kigezo hicho kikianguka, cheti nacho kimeanguka, hata vingine vikiwa juu kama vyako.

Jopo linakaa mwishoni mwa mwezi. Naomba unieleze.

Mwenzako katika kazi,
Ikupa Mwasandube


Mpuguso
10 Machi 2025

Mwalimu Ikupa,

Marahaba, mwanangu. Sweta nililiona. Watoto wamekubatiza jina, wanakuita Dada Kalamu Mbili, maana ukiandika kwa ya bluu walitulia, ukishika nyekundu walinitazama kwa huruma, wakijua mwalimu wao kakosea tena. Nimecheka hadi leo.

Uliyoyaandika ni kweli tupu. Kipindi kilianza saa tatu na dakika thelathini, kikaisha saa nne na dakika kumi, na muda wote huo neno lako halikunitoka. Nikwambie mapema ili usihangaike: halitanitoka. Hata urudi kesho, hata uje na mkufunzi wako mmekaa naye benchi moja. Sababu ninayo, lakini si ya darasani, na sioni kwa nini niiweke mezani kwenu. Nimeomba kupimwa ufundishaji wangu. Pimeni huo. Kama kigezo kinaniangusha, andika nimeanguka. Mimi sibembelezi alama, na wanafunzi wangu nimewakataza tabia hiyo hiyo.

Usije ukafikiri cheti sikitaki. Nakitaka sana, na nasema bila aibu. Nimechoka kuulizwa, "Mwalimu, bado tu uko darasani?" kana kwamba darasani watu hupita tu wakielekea kwenye kazi yenyewe. Niliosoma nao chuo ni walimu wakuu na maafisa, mmoja anaendeshwa kwenye gari la serikali. Kila nilipoitwa kupewa ofisi nilikataa. Wapo waliosema nina kiburi, wapo waliosema akili yangu haijatulia. Sasa kimekuja kitu kinachomwambia mwalimu abaki na watoto wake, na kwamba hapo alipo ndipo juu. Nilikuwa nakisubiri kabla hakijapata jina. Nikikikosa kitaniuma, tena sana, lakini nitaingia darasani kesho yake kama kawaida.

Fanya kazi yako bila woga.

Mwalimu Atuganile Mwaipopo


Msasani, Tukuyu
13 Machi 2025

Mwalimu Atuganile,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimegundua jambo: hata kwenye karatasi umelikwepa. Umeandika "neno lako". Tena umeandika "saa tatu na dakika thelathini". Mwalimu, nani hapa Tanzania anasema hivyo? Sote tunasema saa tatu na nusu.

Nimejaribu kukuelewa nikashindwa. Kwanza nilifikiri umechukizwa na vigezo vyetu na huo ni mgomo wako. Kisha mwenzangu Nelson, tunayekaa naye meza moja mafunzoni, akasema labda ni ulimi, kuna watu wazima ambao herufi fulani zinawakataa kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Kama ni hivyo usione haya. Vigezo vina nafasi kwa mwenye tatizo la kutamka, ila lazima liandikwe mapema.

Nakusihi, kwa heshima zote. Hii ni awamu ya majaribio na hakuna anayejua kama kutakuwa na nyingine. Ukianguka kwa neno moja nitajiona nimeshiriki uovu, na siwezi kubadili alama kwa sababu tu nimekupenda.

Ikupa


Mpuguso
15 Machi 2025

Mwalimu Ikupa,

Mwambie huyo Nelson kwamba ulimi wangu umewafundisha kusoma watoto wa Mpuguso pamoja na baba zao, na bado unafanya kazi. Kama anataka kuusikia zaidi, aje nimfundishe adabu, bure.

Sina tatizo la kutamka. Usiniandikie huruma mahali popote.

Mwalimu A. Mwaipopo


Mpuguso
18 Machi 2025

Kwa binti Ikupa, mtathmini,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi hunijui. Ni baba yake Gwakisa, na Gwakisa ndiye mume wa Mwalimu Atuganile, kwa hiyo huyo unayempima ni mkwe wangu. Nilifanya kazi kiwanda cha chai mpaka nikastaafu. Sasa nina migomba yangu, na kanisani ni mzee wa kanisa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, makosa utayasamehe.

Mwanangu amenisomea barua zako. Mkewe hajui kwamba nimesomewa, wala hajui ninaandika, na wewe usimwambie. Nilivumilia yote mpaka niliposikia kwamba huko Tukuyu mnasema ulimi wake mzito. Hapo nikamwambia Gwakisa anitafutie kalamu.

Binti, wewe ni Mwasandube, ni Mnyakyusa mwenzetu. Hukufundishwa ukutila? Kwetu mwanamke akiolewa humwogopa baba mkwe wake, na ni woga wa heshima, siyo wa fimbo. Hakai naye, hamtazami usoni, jina lake halitamki. Hata neno linalofanana na hilo jina analiacha, anatafuta lingine. Siku hizi mabinti wameacha. Wake wa wanangu wengine wananipigia simu, "Baba shikamoo, umekula?" na mimi naitikia nimekula, siwalaumu. Huyu mmoja hakuacha. Tangu aletwe hapa, akisikia kikohozi changu njiani anaingia migombani mpaka nipite. Chakula changu anakipika yeye, kinaletwa na mtu mwingine. Nyumbani kwangu hajaingia hata siku ya mvua ya mawe.

Sasa mimi naitwa Alinanuswe. Maana yake Mungu yu pamoja nasi. Litamke polepole jina hilo, sikiliza linavyoishia, kisha uniambie kwa nini mwalimu wangu hasemi lile neno lenu la hesabu.

Niliwahi kumtuma Gwakisa, nikasema mwambie mkeo nimemwachia, yeye ni msomi, anasimama mbele za watu, aseme anachotaka. Jibu lake likarudi jioni ile ile: "Mwambie baba heshima hii ni yangu, siyo yake. Hawezi kuniachia kisicho chake." Nilifurahi moyoni, sitakuficha.

Shule iko juu kidogo ya shamba langu. Asubuhi nikipalilia namsikia anafundisha. Sura yake siijui vizuri, binti yangu, lakini sauti yake naijua kuliko za watoto niliowazaa. Jembe huwa linasimama lenyewe. Majirani wanadhani napumzika kwa sababu ya uzee, na mimi nawaacha wadhani hivyo.

Siombi umpendelee. Naomba tu mjue mnampima nani.

Ndaga fijo, asante sana.
Mzee Alinanuswe Mwambenja


Msasani, Tukuyu
21 Machi 2025

Kwa Baba, Mzee Alinanuswe,

Shikamoo. Asante kwa barua. Nimelitamka jina lako polepole kama ulivyoniagiza, nikiwa jikoni, na mama yangu aliyekuwa anamenya ndizi akaniuliza ninaongea na nani. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kumbe bibi yangu aliyemzaa baba alikuwa hivyo hivyo. Mama hakuwahi kuniambia. Nilikulia Dar es Salaam, na kule hakuona faida ya kunieleza mambo ya migombani. Nimeona aibu, Baba, kwamba nililisikia jambo la kwetu kabisa nikaliandika kwa wino mwekundu.

Lakini naomba unielewe vizuri. Barua yako sitaipeleka kwenye jopo. Nikiipeleka watamwonea huruma, watasema mama wa watu apewe, ni mambo ya mila. Mkweo hakuomba cheti cha mila. Ameomba cheti cha ualimu, na amenionya kwa maandishi nisiandike huruma. Nikimpatia kwa njia hiyo nitakuwa nimempa kitu kingine.

Ninachoweza kufanya ni hiki. Juzi nilimweleza Mwalimu Imakulata kwamba sina uhakika na alama yangu moja. Hakuniuliza sababu. Aliniuliza, "Wakati mwalimu analizunguka hilo neno, watoto walikuwa wanasema nini?" Nikamwambia sikuwasikiliza. Nilikuwa nimekaa nyuma, kama tunavyokaa sote, nikiona visogo vyao na mdomo wa mwalimu. Masikio yangu yote yalikuwa mbele yakilisubiri neno. Akasema basi hujapima darasa, umepima mdomo. Amenipa ruhusa ya kurudi kusikiliza kipindi kingine kabla jopo halijakaa, na Nelson ataandamana nami ili nisije nikasikia ninachotaka kusikia.

Siwezi kukuahidi kitakachotokea. Nitaandika nitakachokikuta.

Mwanao,
Ikupa


Msasani, Tukuyu
2 Aprili 2025

Mwalimu Atuganile,

Shikamoo, tena shikamoo.

Najua majibu utayapata kwa barua rasmi yenye mhuri, lakini ya kwangu nimeomba nikuandikie mwenyewe, na nimeruhusiwa kwa kuwa jopo limeshamaliza. Umefaulu. Wewe ni Mwalimu Mahiri. 

Nitakueleza ilivyokuwa, maana siku ile hukunitazama hata mara moja. Nadhani ulikuwa bado na hasira ya ulimi. Safari hii nilikaa mbele, pembeni ya ubao, nikiwatazama watoto usoni. Ukalikata parachichi, kokwa likabaki upande mmoja. Ukauliza, "Tumegawana sawa?" Darasa likachafuka. Neema, yule msichana aliyevunjika jino, akasimama kabla hujamwita: "Hiyo siyo nusu, Mwalimu, hiki kina kokwa!" Mwenzake Shukrani akapinga, akasema ukilitoa kokwa ni nusu. Mwingine akasema kokwa haliliwi, kwa hiyo halihesabiwi. Mwingine akasema bibi yake analipanda, kwa hiyo linahesabiwa. Wewe ulikuwa umefunga mikono kifuani, unawaacha wagombane kwa hoja. Mwishoni ukauliza, "Sasa hiki, tukitoa kokwa, tukiiteje?" Darasa zima likapiga kelele nusu mpaka Nelson akaruka kwenye kiti. Ukaweka mkono sikioni: "Sijasikia." Wakarudia. Kisha mmoja akaja ubaoni, akaiandika kwa tarakimu na kwa herufi, akaeleza kwa nini robo mbili zinatosha pale pale.

Kipindi kilipoisha tuliongea na watoto watatu, kama utaratibu unavyotaka. Nelson ndiye aliyemuuliza Neema kwa nini mwalimu halisemi lile neno. Neema akamtazama kama mtu asiyejua kitu. Akasema, "Hilo ni letu. Mwalimu ametuachia sisi."

Kwenye jopo haikuwa rahisi. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba istilahi lazima itoke kwa mwalimu. Mwalimu Imakulata akamwomba asome kigezo kwa sauti. Kinasema istilahi sahihi zitumike katika somo. Akamuuliza, "Umeona mahali kimesema kwa mdomo wa nani?" Nelson, ambaye hana ukoo na wewe na nadhani anakuogopa, akasimama akasema hajawahi kusikia watoto wa darasa la tatu wakilitumia neno la hesabu kugombana, kwamba shuleni kwake wanalikariri tu. Alama yangu ya kwanza imebaki kwenye jalada. Ya pili iko chini yake, na maelezo ya kwa nini zimetofautiana nimeyaandika kwa jina langu ili watakaojifunza baada yetu wayasome.

Sababu yako sikuiuliza tena, wala haikutajwa na mtu. Umefaulu kwa darasa lako.

Mwalimu Imakulata anauliza kama utakubali kuja kutusaidia kuwafundisha watathmini wa kundi lijalo. Mimi nimemwambia hutaki ofisi. Amesema hajakuita ofisini.

Mwanafunzi wako,
Ikupa


Mpuguso
19 Mei 2025

Mwanangu Ikupa,

Marahaba nyingi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza cheti chenyewe kifike, nikishike. Kimefika. Kililetwa hadi shuleni, mwalimu mkuu akaita mstari, watoto wangu wa darasa la tatu wakaimba mpaka madarasa mengine yakaona wivu. Nimelia, Ikupa. Nilijitahidi kugeukia bendera wasinione, wakaniona. Na nilipotoka pale niliingia darasani, tukaendelea na kuzidisha.

Mwambie Mwalimu Imakulata nitakuja, Jumamosi tu. Siku za wiki nina watu wangu. Na kwa hao watathmini wenu somo langu la kwanza nimeshaliandaa: nitawafundisha kitu wasichokijua, kisha nitawakataza kunitazama mimi. Mwambie Nelson namkaribisha pia. Kwa yale aliyosema mbele ya jopo, nimemsamehe ulimi.

Sasa nikwambie la nyumbani. Barua aliyokuandikia baba naijua. Wewe ulitunza siri vizuri sana, ila yeye mwenyewe alishindwa, amemsimulia kila anayepita. Nilikasirika siku moja. Ya pili nilijikuta natabasamu huku nafua.

Cheti kilipofika hapa, Gwakisa alikuwa ameshanunua fremu na kupigilia msumari sebuleni kwetu. Jioni ikaja salamu kutoka kwa baba. Aliomba kitundikwe kwake. Gwakisa akakataa, akasema cheti ni cha mke wangu, atakiona lini kikiwa kule? Kwa sababu unajua, nyumba ile siingii, na sitaingia. Akabishana mlangoni na aliyeleta salamu mpaka nikatoka jikoni. Nikamwambia mume wangu akipeleke.

Hivyo cheti changu kiko kwa baba, ukuta unaotazama mlango. Sijakiona tangu siku hiyo. Wanaokiona ni wageni wake, na hawaondoki kabla hajawasomea. Jana alikuja mchungaji. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wake, nachuma majani ya maboga, nikamsikia anavyomsomea: Cheti cha Mwalimu Mahiri, anatunukiwa Atuganile Mwaipopo. Jina langu alilisoma polepole, kwa sauti ya kanisani, kisha akalirudia. Mchungaji akamuuliza, "Huyu ni nani kwako, Mzee?"

Akasema, "Ni mwalimu wetu."

Nikabaki nimeinama pale na majani mkononi mpaka mgeni alipoaga.

Atuganile